Kwenye snea ya zamani, acha skrubu ife

Mtu akiniletea snea, yaani ile ngoma ndogo ya seti ya dramu, kuukuu na iliyoshikwa na kutu, macho yangu yanakwenda kwanza kwenye vichwa vya skrubu za kukazia ngozi. Pembe zikiwa zimeliwa, najua plaizi imeshapita hapo, na kazi imekuwa mara mbili. Watu wanaihurumia skrubu. Wataing'ang'ania kwa nguvu zote ili itoke nzima, mwisho skrubu inatoka na kipande cha ngoma. Mimi nasema kinyume: skrubu ndiyo kitu rahisi kuliko vyote kwenye ngoma ile. Kama lazima kitu kife, ife yenyewe.

Chukua snea ya Ludwig Supraphonic ya miaka ya 1960, iliyotengenezwa Chicago. Mwili ni alumini iliyopakwa kromu. Skrubu ni 20, kumi juu na kumi chini, zote za chuma. Kila moja inaingia kwenye nati ndogo ya shaba njano, na nati hiyo imekaa ndani ya kile kishikio cha ubavuni tunachokiita lagi. Lagi ni zinki iliyomiminwa kwenye kalibu. Inang'aa kama chuma kigumu, lakini ukiipindua kwa nguvu inapasuka, na ikipasuka haina kulehemu kwa maana. Skrubu mpya unaagiza leo. Lagi ya asili ya miaka ile utaisaka, na ukiipata utailipia.

Huku pwani hali ni mbaya zaidi. Ngoma za makanisa na za bendi za shule zinakaa stoo zenye hewa ya chumvi mwaka mzima, na chumvi ikikutana na madini mawili tofauti yaliyogusana, yanalana. Kutu inajaa kwenye meno ya skrubu mpaka nafasi yote inaisha.

Kwa hiyo usianze na nguvu. Anza na skrubu zinazokubali: zilegeze zote kidogo kidogo kwa zamu, ili ringi, lile duara linalobana ngozi, isiivute ile iliyogoma kwa upande. Kisha mafuta ya kupenya kutu, tone moja pale skrubu inapoingia kwenye lagi, ngoma ikiwa imelazwa ngozi ikiangalia juu, ili mafuta yashuke yenyewe. Wengi wanakimbilia WD-40. Ni nzuri kwa kufukuza maji, na ndiyo kazi iliyotengenezewa, lakini kwa kutu ya miaka arobaini mimi natafuta mafuta yaliyotengenezwa mahsusi kwa kutu. Halafu iache ilale. Usiku mmoja ni mfupi.

Siki naikataa kabisa. Najua inasifiwa, na kwa skrubu iliyokwisha kutoka haina ubaya, lakini ukitumbukiza lagi kwenye siki, asidi inakula zinki na kromu inabaki bila kitu cha kushikilia.

Baada ya mafuta ndipo joto. Shaba njano inatanuka kwa joto kuliko chuma, karibu mara moja na nusu, kwa hiyo nati ikipata moto inafunguka kidogo kuizunguka skrubu. Mashine ya kukaushia nywele inatosha mara nyingi. Pasha, tia tone, acha ipoe, mafuta yanavutwa ndani, rudia. Moto wa gesi usiusogeze hapo: zinki ya lagi inayeyuka kwenye nyuzi 400 hivi za Selsiasi, na ule moto unafika huko kabla hujasema lolote.

Ukija kuigeuza, ikaze kwanza. Kiasi cha nywele tu, robo ya robo ya mzunguko, ndipo ulegeze. Utasikia mlio mkavu, tik, kutu ikikatika. Hapo usishangilie ukaendelea kufungua moja kwa moja: rudi nyuma, tia mafuta, endelea. Unga wa kutu ukijikusanya mbele ya skrubu utaishika upya, safari hii kwa nguvu zaidi.

Kuna njia moja naiamini kuliko zote, na sijui kwa nini mafundi wengi hawaigusi. Kama upande wa chini umefunguka na wa juu umegoma, toa ngozi ya chini, ingiza mkono ndani ya ngoma, fungua skrubu ndogo zinazoshika lagi kwenye mwili. Lagi inatoka pamoja na ringi na ile skrubu iliyogoma. Sasa unaweza kuiloweka yote nzima nzima kwenye mafuta, na mwili wa alumini uko salama mbali na vurugu.

Ikigoma hata hapo, chukua msumeno wa chuma, kata skrubu kati ya ringi na lagi. Nati ya ndani itatoka na kipande chake, weka nyingine. Ila pima meno kabla ya kuagiza. Ngoma za Kimarekani hutumia kipimo cha 12-24 (unene namba 12, meno 24 kwa inchi), lakini Premier za zamani za Uingereza, ambazo zipo nyingi huku kwetu, zina meno yao tofauti. Skrubu ya Kimarekani inaweza kuanza kuingia kwenye nati ya Premier kana kwamba ni yake, kisha ikakaza. Ikikaza, itoe.