Ekari 40 za kuwindia: mi bado sijasaini

Niseme msimamo wangu mapema ili asiyetaka kusoma yote aende zake: mtu akinunua kipande kidogo cha msitu huku Marekani akiamini kanunua kulungu, kapigwa, na wala hajapigwa na dalali, kajipiga mwenyewe. Alichonunua pale ni majirani na njia ya kuingilia. Kulungu ni mpita njia tu.

Nayasema haya kwa sababu mi mwenyewe niko kwenye hilo jambo, natafuta ardhi kaskazini mwa jimbo la Wisconsin, usiku nyumba nzima imelala mi nipo kwenye simu napekua matangazo mpaka mke wangu anageuka ananiuliza wewe leo hulali. Na matangazo yote yanaimba wimbo mmoja: ekari 40, msitu safi, kulungu wamejaa, afu picha ya dume lenye mapembe ya kutisha. Ukiangalia vizuri ile picha imepigwa na kamera ya mtini saa nane usiku, saa ambayo sheria haikuruhusu hata kunyanyua bunduki. Hilo dume mchana linalala kwa nani? Tangazo halisemi.

Kwa walioko nyumbani najua hii stori ni ngeni kidogo. Kenya uwindaji umepigwa marufuku tangu 1977, na Tanzania ardhi yote ni ya umma, Rais ndiye mdhamini, wanaowinda wanapewa vitalu kwa utaratibu wa serikali, sasa habari ya fundi bomba au dereva wa lori kudunduliza akanunua kamsitu kake awe anawinda wikendi kwetu haipo. Huku ni kawaida kabisa. Ila hata huku kuna kitu watu wanajisahaulisha, mnyama hata akija kulala mlangoni kwako si wako, ni wa umma, jimbo ndilo linamsimamia, kwa hiyo hata kwenye msitu wako mwenyewe unakata leseni, unafuata msimu, unaheshimu idadi uliyoruhusiwa. Msimu wa bunduki wa Wisconsin ni siku 9, unaanza Jumamosi inayotangulia Thanksgiving, ile sikukuu yao ya shukrani ya mwishoni mwa Novemba. Upinde ndio una nafasi zaidi, kuanzia Septemba mpaka Januari mwanzoni. Sasa piga hesabu mwenyewe, ardhi unailipia miezi 12.

Na kwanini kila tangazo ni ekari 40, au 20, au 80? Hii niliichimba kwa sababu ilinishangaza. Mwaka 1785 Wamarekani walipitisha sheria ya kupima ardhi kwa viboksi vya maili moja kwa maili moja, kila kiboksi ekari 640, ukigawa kwa nne unapata 160, gawa tena kwa nne ndiyo hiyo 40. Ni mraba wenye mita kama 400 kila upande. Kwa mtu aliyezoea kiwanja cha ishirini kwa ishirini hilo ni pori zima, unaweza kupotea humo. Kwa kulungu dume wa mkia mweupe ni chumba kimoja cha nyumba yake, kwa sababu eneo analozunguka mara nyingi linafika maili nzima ya mraba au zaidi, na ikifika Novemba wakati wa kupandana anatembea kama kachanganyikiwa, leo yupo kwako kesho yupo kwa watu usiowajua. Maili ya mraba ina ekari 640, wewe una 40. Yaani una sehemu moja kati ya kumi na sita, na zile kumi na tano zilizobaki kila moja ina mtu wake mwenye bunduki yake na mipango yake.

Ubaya zaidi uko kwenye mshale. Kulungu aliyepigwa vizuri kabisa, mapafu yote mawili, bado anaweza kukimbia mita mia na ushee kabla hajaanguka. Kaa katikati ya ekari 40, mpaka wa karibu uko mita 200, sawa unapumua. Kaa katikati ya ekari 20, ambazo mara nyingi ni ukanda wa mita 200 kwa 400, mpaka uko mita 100 kulia na mita 100 kushoto. Huyo mnyama anaenda kufia kwa jirani. Na Wisconsin huruhusiwi kuingia ardhi ya mtu kumfuata mnyama uliyemjeruhi bila ruhusa ya mwenyewe, awe ameweka kibao au hajaweka. Kama jirani ni mtu wa watu unampigia simu mnakwenda wote na tochi mnamtafuta. Kama mmegombana tangu kiangazi kwa sababu ya mbwa, basi, unabaki umesimama mpakani na kurunzi yako mkononi.

Ndiyo maana siku nilipoenda kuangalia kipande kimoja nilimwacha dalali anaongea habari za mito na mandhari, mi nikaenda moja kwa moja kuzunguka mipaka. Msitu ulikuwa mzuri kweli, mwaloni mwingi, mbegu zimetapakaa chini, kuna mti mdogo wa saizi ya mkono wangu umechubuliwa gome mpaka unang'aa mweupe, dume kakwangua mapembe pale si muda mrefu. Moyo ukadunda. Nikaendelea na mpaka wa kaskazini, nikakuta kiti cha chuma cha kupanda juu ya mti, cha jirani, kiko kwake kihalali kabisa, hatua kama saba hivi kutoka kwenye laini, ila kimegeuzwa kinatazama ndani ya hiki kipande ninachouziwa. Nikasema sawa, huyo mmoja. Mpaka wa mashariki nikakuta kibanda kizima cha mbao, kina dirisha, kina na bomba la jiko la kuni, dirisha linatazama wapi? Huku huku. Yaani ekari 40 zile zilikuwa zimezungukwa kama uwanja wa mpira, mashabiki wako majukwaani wanasubiri mi niingie niwaamshe kulungu watoke wawaendee.

Na nisingewaamsha vipi? Barabara ilikuwa upande wa magharibi. Huku Novemba upepo mwingi unatoka magharibi na kaskazini magharibi. Kwa hiyo kila asubuhi nikipaki gari na kuanza kutembea, harufu yangu ingetangulia mbele yangu na kupita msitu mzima kutoka mwanzo hadi mwisho, na kulungu pua yake si ya mchezo, akishakunusa mara mbili tatu anahamia kwa mwenye dirisha. Hiki kitu hakipo kwenye tangazo lolote na wala dalali hawezi kukuambia, wengine hata hawakijui. Mi sasa hivi nikiona tangazo kitu cha kwanza nafungua ramani, naangalia barabara iko upande gani. Ikiwa kusini au mashariki nasoma zaidi, ikiwa magharibi na kipande ni kidogo napita.

Halafu kuna vile vipande vya bei ya kuvutia ambavyo havigusi barabara kabisa, viko katikati ya ardhi za watu. Muuzaji atakuambia usijali, tunapita kwa mzee fulani miaka yote, hana neno. Mzee hana neno, je watoto wake wakirithi? Je akiuza? Haki ya kupita iwe imeandikwa na kusajiliwa kwenye ofisi ya kaunti inayotunza hati, uione kwa macho yako, la sivyo ihesabu haipo. Na upimaji uwe wa kweli, bikoni zionekane, maana fensi ya zamani ya ng'ombe si mpaka, nimeshasikia watu wamejenga jukwaa zuri la kuwindia wakaja kugundua liko kwa jirani.

Kuhusu pesa sitasema mengi, kila mtu anajua mfuko wake. Ila sisi tumelelewa na ule msemo kwamba ardhi haiozi, nunua kiwanja kitupe, kitakuja kukusaidia. Huku kiwanja huwezi kukitupa. Kodi ya ardhi inakuja kila mwaka uwe umewinda hujawinda, bima ya mtu akijikwaa kwako, njia ikifunikwa na miti iliyoanguka unakatwa wikendi mbili za msumeno. Ni kama kufuga ng'ombe asiyetoa maziwa, majani anakula vile vile. Na mkopo wenyewe si ule wa nyumba wa miaka 30, ardhi tupu benki inaiogopa, wanataka kianzio kikubwa zaidi, muda mfupi zaidi, riba juu. Kuna mfumo wa mikopo ya mashambani unaitwa Farm Credit, upo tangu 1916, wao wanaelewa mambo ya misitu kuliko benki ya mtaani, anayetaka kukopa aanzie huko.

Watu wa Wisconsin watakuambia kuna nafuu ya kodi, Managed Forest Law, unasaini mkataba na jimbo wa miaka 25 au 50, msitu uanzie ekari 20, unaufuata mpango wa uvunaji wa miti, kodi inashuka sana. Ni kweli, na si mpango mbaya. Lakini mkataba unafuata ardhi, ukinunua unaurithi, na ukitaka kujitoa kabla ya muda unalipia. Na hapa msome taratibu: kama mwenye zamani aliisajili kama ardhi iliyo wazi kwa umma ili alipe kidogo zaidi, basi umma una haki ya kuingia kuwinda humo. Hebu fikiria umelipa, umesaini, umepanda kiti chako asubuhi ya kwanza, unamuona mtu na koti lake la chungwa la uwindaji anakupungia mkono, na yuko kisheria kuliko unavyodhani.

Nisisahau ule ugonjwa wa kulungu, wa kukonda na ubongo kuharibika, ulionekana mara ya kwanza Colorado 1967 na Wisconsin ukagundulika 2002, hauna dawa, na zile protini mbovu zinazouleta zinakaa kwenye udongo miaka. Kaunti zilizoguswa zimepigwa marufuku kumwaga mahindi ya chambo, ila kupanda kashamba ka klova, majani wanayopenda kulungu, inaruhusiwa. Uliza kaunti yako kabla hujapanga kuwinda kwa gunia la mahindi.

Wazo la kununua kwa ubia na washkaji nalo limeshaletwa mezani. Nawapenda washkaji zangu na nataka niendelee kuwapenda. Mmoja akiachana na mkewe, au akifilisika, anaweza kwenda mahakamani kuomba ardhi igawanywe au iuzwe, na Jumamosi ya kwanza ya msimu nani anakaa kwenye mti mzuri? Hapana.

Sasa hoja ngumu kuliko zote, na hii ndiyo inanikosesha usingizi kweli: ardhi ya umma ipo. Msitu wa taifa wa Chequamegon-Nicolet peke yake ni kama ekari milioni 1.5, bado misitu ya kaunti ambayo jumla inapita ekari milioni 2, na unaingia kwa leseni yako tu. Na tayari naichangia, tangu 1937 kuna sheria inayokata asilimia 11 kwenye bunduki ndefu na risasi kwa ajili ya wanyamapori, kila boksi la risasi ninalonunua nimo. Mtu akiniambia anahitaji ardhi yake ndipo apate kulungu, namwambia hajatembea. Ingia kilomita moja na nusu kutoka pa kupaki magari, pitia kinamasi, asilimia kubwa ya watu unakuwa umewaacha nyuma wanakunywa kahawa.

Sasa kama ni hivyo kwanini bado napekua? Kwa sababu kwenye msitu wa umma siwezi kupanda mti wa tufaha. Siwezi kufungua dari ya msitu kidogo ili jua lishuke vichaka viote, kazi ambayo kwa kweli ndiyo inaleta kulungu kuliko chochote kinachouzwa dukani. Siwezi kuacha kiti pale mpaka kesho kutwa nikikute hakina mtu. Siwezi kumpeleka mwanangu akarudi mwaka ujao kwenye mti ule ule akaona njia ya wanyama imehama na akajiuliza kwanini. Hizo ni sababu zangu na hamna hata moja inayohusu idadi ya mapembe ukutani. Mtu ambaye kazi za ardhi zinamchosha, anayetaka tu Novemba afike, apige, aondoke, huyo akodi msimu mmoja kwa mkulima au aende msitu wa umma, atabaki na hela na ndoa.

Kile cha majukwaa ya mashabiki nimekiacha. Kipo kingine, ekari 20 na ushee, kiembamba, nusu yake kinamasi cha mierezi ambacho hakijengeki na ndiyo maana bei imekaa chini, kwangu sawa maana kulungu wakisumbuliwa wanakimbilia humo humo. Barabara ya umma iko kusini mashariki. Upande mmoja kinapakana na msitu wa kaunti, dalali anausema kama sifa, mi nauhesabu nusu sifa nusu lawama kwa sababu watakuja watu mpaka mpakani na hawana kosa. Jirani wa pili ni mama mmoja mtu mzima, nilimgongea mlango kabla sijamwambia dalali chochote, akasema yeye hawindi, ila mpwa wake anawinda, na nikimjeruhi mnyama akaingia kwake nibishe hodi kwanza. Nikamwambia mama, hilo tu lanitosha.

Nimeshatuma masharti yangu: muuzaji alipie upimaji, na nione rekodi za kaunti kama kuna mkataba wowote wa msitu. Akikubali nasaini. Akikataa, Novemba mtanikuta msitu wa umma kama kawaida, ile njia ya kinamasi, na kianzio changu kiko benki.