Mvua ya Mombasa Ipimwe Chini Kwanza

Siku hizi ukilalamika kwamba mitaro ya Kisauni imezidiwa, unaonyeshwa ramani ya setilaiti na kuambiwa mvua ilikuwa ya kiasi. Kwangu mimi, ramani hiyo isiamue lolote hapa pwani kabla ya kulinganishwa na kipimamvua.

Tatizo la kwanza ni mawingu yetu. Data ya CHIRPS, yaani makadirio ya mvua yanayochanganya picha za setilaiti na vipimo vya vituo vya ardhini, inayotumika sana Afrika Mashariki na yenye kumbukumbu tangu 1981, hutegemea ubaridi wa vilele vya mawingu: vikiwa baridi sana, wingu huhesabiwa kuwa na mvua. Kwa mawingu marefu ya ngurumo njia hiyo inafaa. Lakini mvua nyingi za masika, kusi ikishaanza kuvuma, hutoka kwenye mawingu mafupi yanayosukumwa kutoka baharini. Vilele vyake havina ubaridi huo, basi setilaiti yaweza kuyahesabu makavu huku Likoni watu wanavua viatu kuvuka barabara.

Kisha kuna ukubwa. Mraba mmoja wa ramani ya CHIRPS, wenye kadirio moja tu la mvua, ni karibu kilomita 30 za mraba. Kisiwa chote cha Mombasa chaingia humo na nafasi ikabaki. IMERG, makadirio mengine ya mvua ya setilaiti, ya NASA, ina miraba mikubwa zaidi, ila hutoa makadirio kila nusu saa, tena hata juu ya bahari ambako hakuna wa kusimika kipimamvua. Kwa hiyo sitaki setilaiti ziachwe.

Kinachoniudhi ni ulinganishaji wa pupa. Kipimamvua husomwa saa tatu asubuhi, ilhali siku ya setilaiti huanza saa tisa usiku kwa saa zetu. Mvua ileile ya alfajiri yaweza kuandikwa tarehe mbili tofauti, na mtu akatangaza kwamba setilaiti imekosea. Baya zaidi ni kuchukua kituo ambacho vipimo vyake vilishachanganywa ndani ya CHIRPS, kisha kufurahi kwamba vinafanana. Huo ni mtihani ambao mwanafunzi alipewa majibu jana yake.

Tunahitaji vipimamvua vipya, vya kujitegemea, na shule ndiyo mahali pake: Nyali, Mikindani, Changamwe, Likoni. Kituo cha uwanja wa ndege hakiwezi kuzisemea zote. Viwekwe mbali na miembe na kuta, na apatikane wa kuvisoma hata Jumamosi na Jumapili, maana maji ya siku tatu yakisomwa Jumatatu huonekana kama gharika ya siku moja.