Wenye miswada wanaosita wana hoja

Kwenye makongamano ya insia, yaani fasihi, historia, lugha na dini, kuna mtu anayelaumiwa sana siku hizi bila kuwepo ukumbini. Ni mzee wa Lamu, Siu, Mombasa au Unguja mwenye sanduku la miswada ya Kiswahili iliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu, ambaye watafiti walimfuata na kamera zao akawajibu kwamba hayuko tayari. Husemwa kwamba anaficha urithi wa wote, kwamba hajui thamani ya alichonacho, kwamba ataiacha historia iliwe na mchwa. Nadhani tumemhukumu kabla ya kumsikiliza.

Wanaotaka miswada ipigwe picha na kuwekwa mtandaoni wana hoja nzito, na sitaki kuipunguza. Unyevu na chumvi ya pwani haviihurumii karatasi, na mchwa hasubiri kikao cha familia. Halafu kuna suala la umbali. Kwa miongo mingi, mwanafunzi wa Mombasa aliyetaka kuona tungo za mshairi Muyaka bin Haji wa Mombasa hiyohiyo, kama zilivyoandikwa kwa mkono, ilibidi afike London, kwa kuwa karatasi za mmisionari W. E. Taylor ziliishia katika chuo cha SOAS. Leo orodha ya mkusanyo huo inasomwa popote penye intaneti. Mpango wa Endangered Archives (kumbukumbu zilizo hatarini) wa British Library, maktaba ya taifa ya Uingereza, ulioanza mwaka 2004 kwa ufadhili wa mfuko wa hisani wa Arcadia, ulifika hadi Msikiti wa Riyadha, Lamu, na miswada ya hapo ikapigwa picha kwa kanuni kwamba karatasi zenyewe hazihami nchi. Ukikumbuka jinsi zilivyohama zile za Taylor, utakubali kuwa hilo ni badiliko la haki.

Kompyuta nayo imeleta zaidi ya picha. Tangu padri Roberto Busa alipokwenda kwa kampuni ya IBM mwaka 1949 kuomba msaada wa kupanga faharasa ya maandishi ya mwanateolojia Thomas Aquinas, imekuwa wazi kwamba mashine inaweza kufanya kwa muda mfupi kazi iliyomaliza umri wa msomi. Mtafiti wa tenzi aliyekuwa akiandika vikaratasi maelfu ili ajue neno fulani limetumika wapi na wapi, sasa anauliza mara moja na kujibiwa. Kevin Donnelly ametengeneza programu zinazorahisisha kuandika na kunukuu Kiswahili cha herufi za Kiarabu. Hayo yote ni faida, na anayeyakataa yote kwa jumla anajinyima.

Lakini ukisikiliza vizuri, yule mzee mara nyingi hakatai picha. Anachouliza ni nani atakayeisoma, na swali hilo kwa miswada ya Kiswahili lina uzito kuliko wafadhili wengi wanavyofahamu.

Hati ya Kiarabu kama walivyoitumia waandishi wa zamani wa pwani haikuwa na herufi ya p, wala ya v, wala ya ch. Herufi bee ilibeba b na p, na mara nyingi mb na mp pia, kwa sababu sauti ya puani iliyotangulia haikuandikwa. Katika alama za irabu, kasra ilisimama badala ya i na badala ya e, dhuma badala ya u na badala ya o. Neno lenye bee na tee, zote kwa fataha, yaani alama ya a, laweza kuwa bata, laweza kuwa pata, laweza kuwa mbata. Baadaye wanazuoni wa Mombasa walibuni alama za kuziba pengo hilo, ila miswada mingi ya zamani haina alama hizo. Kinachomwezesha msomaji kuchagua ni mizani ya mshororo, vina, mwendo wa maana tangu beti za nyuma, na zaidi ya yote kumbukumbu ya jinsi alivyousikia utenzi huo ukisomwa nyumbani au msikitini. Kwa hiyo nusu ya mswada iko kwenye karatasi na nusu iko kichwani mwa mtu. Kamera, hata iwe nzuri namna gani, inachukua nusu ya kwanza tu.

Muyaka ndiye ushahidi bora wa jambo hili. Alifariki mnamo 1840, baada ya maisha ya kuwatungia Wamazrui, watawala wa Mombasa, dhidi ya Seyyid Said, sultani wa Omani na Zanzibar, kuwatania wafanyabiashara, kulia njaa na kusifu safari. Tungo zake nyingi ni beti fupi zilizotungwa kwa tukio la siku ile, na bila tukio lile ubeti unabaki fumbo lisilo na mlango. Taylor alipofika Mombasa miaka ya 1880, waliomkumbuka Muyaka walikuwa wanapungua. Aliyeziokoa tungo ni Mwalimu Sikujua bin Abdallah, aliyezikusanya, akaziandika, na kumweleza Taylor nani aliambiwa nini na kwa sababu gani. Sikujua alifariki mwaka 1890. Maelezo yale, ambayo hayakuwa sehemu ya ubeti wowote, ndiyo yaliyowawezesha wahariri wa karne ya ishirini kumchapisha Muyaka akaeleweka. Tungekuwa na kamera bora kabisa mwaka 1885 na tusiwe na Sikujua, leo tungekuwa na picha safi za mashairi ambayo hakuna anayejua yanamsema nani.

Na hata mradi wa SOAS wa kuorodhesha miswada yake, mwanzoni mwa miaka ya 2000, haukuendeshwa na mashine peke yake. Aliketi nao Yahya Ali Omar, mwanazuoni wa Mombasa aliyehamia London, mtu aliyezisoma hati hizo kwa jicho la mwenyeji. Alifariki mwaka 2008. Ahmed Sheikh Nabhany, ambaye watafiti wengi walimfuata awanukulie na kuwafafanulia tenzi, alifariki mwaka 2017. Anayetembelea orodha ya SOAS leo anafaidi elimu ya watu kama hao, ingawa kwenye skrini inaonekana ni elimu ya katalogi.

Wapo wanaojibu kwamba mashine itajifunza kusoma. Programu kama Transkribus tayari zinasoma miandiko ya mkono ya Ulaya ya karne zilizopita, na zinaisoma vizuri. Jibu hilo lina ukweli, na siku itakapowezekana kwa miswada yetu nitafurahi. Lakini mashine hizi hujifunza kutokana na kurasa ambazo binadamu amekwisha kuzinukuu, na kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu kurasa hizo ni chache. Pale herufi zinapokuwa na utata, programu huelekea kuchagua neno ambalo imelizoea. Imelizoea kutoka wapi? Hazina kubwa na maarufu ya matini za Kiswahili zilizotayarishwa kwa utafiti ni ile ya Helsinki iliyoasisiwa na Arvi Hurskainen, ambayo toleo lake la pili lina maneno takriban milioni 25. Ni kazi ya kuheshimika na wengi wetu tumeitumia. Ila sehemu yake kubwa ni magazeti, vitabu na mijadala ya Bunge, yaani Kiswahili sanifu cha nusu karne iliyopita.

Sasa mpe msomaji aliyelelewa na Kiswahili hicho peke yake utenzi wa Kiamu, lahaja ya Lamu, wenye mato, kitwa, ndia na ndaa. Atauona umejaa makosa na ataanza kuusahihisha: macho, kichwa, njia, njaa. Mwanafunzi akifanya hivyo mwalimu atamrudisha. Mashine ikifanya hivyo kwa kurasa elfu kumi, hakutakuwa na wa kuirudisha, na matokeo yatawekwa mtandaoni yakiwa na sura ya uhakika. Kizazi kijacho cha watafiti kitahesabu maneno ya matini hayo, kitachora michoro, na kitasema washairi wa Pate na Lamu waliandika Kiswahili kinachokaribiana sana na sanifu. Naona hili kuwa hatari kubwa kuliko mchwa. Karatasi iliyoliwa inajulikana kuwa imeliwa, lakini lahaja iliyosawazishwa na programu haiachi tundu la kuonyesha palipopotea kitu.

Kuna sababu nyingine za kusita ambazo huchukuliwa kuwa ushirikina au ubahili, nazo ni za kisomi na za kisheria. Baadhi ya vitabu vya Riyadha vimeandikwa wakfu. Kitabu cha wakfu hakiuzwi, hakirithiwi, hakitolewi zawadi, na sharti la aliyekitoa ni kukisomea mahali alipopataja na kwa ajili ya watu aliowataja. Mwangalizi wa wakfu anapouliza kama picha inayofunguliwa na mtu yeyote duniani inaingia ndani ya sharti hilo au inalivunja, anatimiza amana aliyokabidhiwa. Pengine jibu ni kwamba inaingia, maana elimu ikienea thawabu ya mtoaji inaongezeka, na waangalizi kadhaa wameamua hivyo. Lakini lazima swali lijibiwe na wenye wakfu, na huchukua muda zaidi ya juma moja ambalo timu ya kamera imekodishiwa nyumba ya wageni.

Vilevile katika madrasa za pwani kitabu hupokelewa kwa ijaza: unakisoma mbele ya mwalimu, anakusahihisha, kisha anakuruhusu kukifundisha. Aliyekulia humo anaposema kwamba kuwa na nakala si kuwa na kitabu, anaeleza nadharia nzima ya maarifa, ambayo ina umri mrefu kuliko vyuo vikuu vyetu. Tunaweza kubishana nayo. Binafsi naona ina udhaifu wake, kwani mlango wa mwalimu umewahi kufungwa kwa watu kwa sababu ya nasaba, jinsia au dhehebu, na intaneti haimuulizi mtu amezaliwa na nani. Wanawake wengi waliotamani kusoma walipata mlango huo umeegemezwa tu, ingawa pwani hiyohiyo ndiyo ya mshairi Mwana Kupona. Hapo nawaunga mkono watu wa kamera bila masharti.

Siwezi kuwaunga mkono kwa urahisi huo kwenye karatasi za familia. Ndani ya masanduku hayo hakuna tenzi peke yake. Kuna wosia, madeni, mahari, nasaba, barua za ugomvi wa ndugu, na hati za kuwaacha huru watumwa. Hadhi ya kisheria ya utumwa ilifutwa Zanzibar mwaka 1897 na kwenye pwani ya Kenya mwaka 1907. Maana yake, wapo wazee walio hai leo ambao bibi zao walitajwa kwa majina kwenye karatasi kama hizo, na wanaishi mtaa mmoja na wajukuu wa waliowamiliki. Kwa mwanahistoria wa Chicago, hati hiyo ni data adhimu. Kwa mtaa, ni jambo linaloweza kufufuliwa siku ya posa. Historia ya utumwa wa pwani inatakiwa iandikwe, tena kwa ujasiri kuliko tulivyofanya hadi sasa. Bado, kuna tofauti kati ya mwanahistoria anayekaa na pande zote mbili na injini ya kutafutia inayomletea kijana yeyote jina la bibi wa jirani kwa kubofya mara moja.

Na ile ahadi kuu, kwamba kilichowekwa mtandaoni kimehifadhiwa milele, ilijaribiwa Oktoba 2023. Wahalifu wa mtandao waliivamia British Library na kuangusha mifumo yake, na kwa miezi mingi mikusanyo yake ya kidijitali, ikiwemo ya Endangered Archives, ilikuwa haifikiki kama zamani. Miswada ya Lamu ilikuwa palepale Lamu. Silitaji tukio hili ili kudai kwamba rafu inashinda seva, kwa maana moto na mafuriko pia havimjui mwenye wakfu. Ninachosema ni kwamba mzee aliyeambiwa "ukitupa tutakihifadhi milele" alikuwa na haki ya kuuliza milele hiyo inalindwa na nani, na nakala ngapi zimebaki karibu naye.

Wanaosita nao wana lawama yao. Wapo waliosita mpaka wakafariki, wanawe walio Muscat, Dubai na London hawakuafikiana, na sanduku likafunguliwa baadaye likakutwa ni vumbi. Kusita kusikokuwa na tarehe ya mwisho hakumnufaishi yeyote, na msomaji anayehitajika kuisoma karatasi hiyo naye anazeeka.

Kwa hiyo mimi nataka utaratibu ugeuzwe. J. W. T. Allen alipochapisha mwaka 1970 orodha ya mkusanyo uliopo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliorodhesha miswada pamoja na kanda za sauti, kwa sababu alijua utenzi bila mahadhi yake haujakamilika. Zaidi ya nusu karne baadaye, na simu ya mkononi inayorekodi vizuri kuliko mashine yake, miradi mingi bado inakabidhi picha bila sauti. Mfadhili adai kwamba kila mswada urekodiwe ukisomwa na mtu ambaye mwenye mswada amemridhia, na msomaji huyo alipwe kwa kiwango cha mpiga picha na atajwe kama mhariri. Karatasi za familia zipigwe picha leo zisije zikaoza, lakini zifungwe kwa miaka ambayo familia yenyewe imeitaja kwa maandishi. Nakala kamili ibaki kwenye maktaba iliyo karibu, ambako mwanafunzi wa Lamu ataifungua bila kutegemea seva ya London. Na ombi la fedha ambalo bajeti yake ina kamera, diski na tiketi za ndege, lakini haina mstari wa msomaji, lirudishwe kwa mwombaji kabla ya kujadiliwa.