Afie Uani Kwake

Tulipomwita daktari wa mifugo aje nyumbani kumlaza mbwa wetu mgonjwa, yaani kumpa sindano ya kufa bila maumivu, majirani hapa Bombo, Uganda, kaskazini mwa Kampala, walikuwa na neno moja tu: uzungu. Mbwa hujifia mwenyewe, walisema, na pesa ya sindano hiyo ingemtibu mtoto wa mtu malaria. Siku ile sikuwajibu. Nawajibu leo, kwa sababu wamekosea palipo wazi na wamepatia mahali ambapo hawakupataja hata wao.

Hilo la kujifia mwenyewe kwanza. Mbwa ambaye figo zimechoka hafi kwa usiku mmoja. Hutapika, hukataa chakula, hutoka vidonda kinywani, na mwili humwisha wiki baada ya wiki. Mwenye saratani ya mfupa hulia kila mguu unapogusa ardhi. Ni nyumba chache zinazovumilia kumsikia hadi mwisho. Ukifika usiku wa tatu wa kilio, hutafutwa kijana wa kumtia guniani na kwenda kumtupa, au hutafutwa sumu ya kupaka kwenye kipande cha nyama. Sumu kama strikinini hukaza misuli ya mwili mzima, mnyama akiwa na fahamu zake, mpaka pumzi ikatike. Basi anayetaka kulinganisha kwa haki asilinganishe sindano na kifo cha kimya chini ya mwembe. Ailinganishe na gunia.

Sindano yenyewe, ikifanywa ipasavyo, ni ya hatua mbili. Mbwa hupewa dawa ya kumsinzisha kwanza, akalala mahali alipozoea, kichwa juu ya paja la mtu anayemjua. Akishalala, daktari hutia pentobabitoni, dawa kali ya usingizi, kwenye mshipa, mara nyingi ule wa mguu wa mbele. Fahamu hupotea ndani ya sekunde, na moyo husimama baada ya dakika chache. Macho hubaki wazi, na pengine kifua kitainuka mara moja au mbili baadaye. Hayo yasikutishe, maana wakati huo mbwa hasikii tena kitu chochote.

Wanaosema kumwita daktari nyumbani ni anasa ya matajiri ndio wanaonishangaza zaidi. Tajiri ana gari, na anaweza kumbeba mbwa wake hadi kliniki ya Kampala akiwa amelala kiti cha nyuma. Sisi tusio na gari tuna zaidi ya kilomita 30 za barabara ya Gulu. Konda wa taksi hapakii mbwa. Inabaki boda: mbwa asiyeweza kusimama, amefungwa guniani, amebanwa kati ya dereva na mwenye mbwa, jua likiwaka, foleni ya Bwaise haisogei. Hiyo ndiyo saa yake ya mwisho duniani, na haelewi amekosa nini. Daktari mmoja mwenye mkoba wake husafiri kwa urahisi kuliko mbwa mgonjwa, na nauli yake ya kwenda na kurudi haizidi sana ile ambayo ungelipa wewe.

Mzee mmoja jirani yetu alileta hoja nzito kuliko hiyo ya pesa. Roho ni ya Mungu, alisema, na mbwa ni mbwa, usimfanyie kama mtu. Namheshimu mzee huyo. Lakini yeye ndiye aliyetufundisha tulipokuwa watoto kwamba mbuzi wa Idi hachinjwi kwa kisu butu, wala kisu hakinolewi mbele ya macho yake, wala hachinjwi mwenzake akiona. Na ni yeye aliyetusimulia hadithi ya mtu aliyeteremka kisimani akampa maji mbwa aliyelamba udongo kwa kiu, akasamehewa dhambi zake. Dini iliyojali kiu ya mbwa siioni ikikataza kumpunguzia maumivu yasiyo na tiba.

Yasiyo na tiba, nimesema, na hapo wapinzani wangu wana la kusema. Wengi hukimbilia sindano mapema mno. Kuna uvimbe mbaya, wenye kutoa damu, unaoota sehemu za siri za mbwa na kuambukizwa wanapopandana. Ukiuona utadhani amekwisha. Kumbe mbwa wengi hupona kwa vinkristini, dawa ya saratani, sindano moja kwa wiki kwa wiki chache. Mbwa aliyelala chini, ufizi umekuwa mweupe, huenda ana ugonjwa wa kupe tu, na akitibiwa mapema husimama tena. Na mbwa aliyebadilika tabia ghafla au aliyeuma mtu asiguswe wala kuzikwa kimyakimya. Afisa wa mifugo wa wilaya lazima ajue, kwa ajili ya kichaa cha mbwa. Daktari anayefika nyumbani tayari ameshika sindano, bila kumpima wala kuuliza alikuwaje mwezi uliopita, mrudishe alikotoka. Mrudishe vilevile anayetaka kumchoma dawa ya kusimamisha moyo kabla hajamlaza.

Kuna jambo jingine, ambalo majirani hawakulitaja, nalo bado linaninyima raha. Pentobabitoni haiishi mbwa anapokufa. Hubaki ndani ya nyama, na mzoga ukifukiwa inaweza kukaa humo miezi mingi. Anayekula nyama hiyo hulala usingizi uleule, awe mbwa wa jirani, awe ndege. Na ndege wa mizoga tunaishi nao. Kampala ina kalooli, wale korongo wakubwa wala mizoga, kwenye kila jalala, na ina tumbusi wale wenye kichwa chekundu kisicho na manyoya, ambao mwaka 2015 shirika la kimataifa la uhifadhi wa asili, IUCN, liliwaweka katika daraja la mwisho la hatari kabla ya kutoweka kabisa porini. Mzoga mmoja tu uliotupwa kwenye kinamasi cha Lubigi unaweza kuua ndege kadhaa.

Sasa mfikirie mtu wa Kawempe, huko Kampala, anayepanga chumba kimoja, ua wote ni sementi, na pa kupita mkokoteni hapapo. Amemfanyia mbwa wake wema wa mwisho. Atamzika wapi? Mwenye nyumba hataki kaburi, na gari la taka likimchukua, safari yake huishia jalalani. Mpaka leo namshauri mtu wa namna hiyo atafute shamba la ndugu kabla hajampigia daktari, na kama hana ndugu mwenye shamba, amuulize daktari mwenyewe kama ataondoka na mzoga ili uteketezwe. Likikosekana hilo pia, sina cha kumwambia.

Sisi tulikuwa na ua. Shimo lilichimbwa alfajiri, kabla daktari hajafika, likawa refu kupita kiuno changu. Mzee jirani alikuja jioni na mawe mawili makubwa kwenye toroli. Tukayapanga juu ya udongo pamoja, ili mbwa wengine wasifukue.