Mwulize Fundi Kwanza

Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na maji hapa huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Kwa anayepika githeri, hiyo ni makaa zaidi tu. Kwa maabara ya baiolojia ya molekuli ya chuo, hiyo ina maana kwamba otoklevu ya zamani, chombo cha kuua vijidudu kwa mvuke, ile isomwayo kwa geji, inakudanganya. Kitabu chake kinasema geji ifike pauni 15 kwa inchi ya mraba, joto liwe nyuzi 121, ulishikilie dakika 15 au 20. Geji yenyewe lakini haipimi shinikizo lote. Hupima lile lililozidi la hewa ya nje, na hewa yetu huku juu ni nyepesi. Pauni 15 za Nairobi zinakupa nyuzi 118 hivi. Kufika 121 unahitaji geji isome karibu 18, na hapo uwe umehakikisha chombo kimeidhinishwa kubeba hizo 18. Kama valvu ya usalama hufunguka mapema, usiichezee, ongeza muda. Halafu hewa yote itoke kabla ya kufunga, maana hewa iliyobaki ndani hupandisha geji bila kupandisha joto. Ukipuuza hayo, chupa za chakula cha bakteria zitatoka zikimetameta, na siku ya tatu zitakuwa na mawingu.

Mhadhiri anayelijua hilo kwa vitendo ni adimu. Fundi sanifu wa maabara analijua, maana ndiye aliyemwaga zile chupa.

Maoni yangu ni haya: vyuo vyetu vimejenga ngazi ndefu ya kumpandisha mhadhiri, vikamwachia fundi kistuli. Kisha tunashangaa kwa nini maabara yenye mashine za mamilioni haitoi matokeo. Mashine ya PCR, ile inayonakili kipande cha DNA, haina shida, yeyote aweza kubonyeza kitufe. Shida iko kwenye mambo 40 yanayotangulia kile kitufe.

Chukua uchafuzi, ugonjwa wa kila maabara ya DNA. Mwanafunzi wa uzamili anaona bendi, mstari unaoonyesha DNA kwenye jeli, kwenye kontroli hasi, ile tyubu isiyowekwa DNA. Analaumu praima, vipande vifupi vya DNA vinavyoanzisha kunakili, anaagiza nyingine, wiki 3 zinapotea. Bendi inarudi. Fundi akija huuliza swali moja: jeli unamiminia wapi? Kwa kawaida ni meza ileile anayochanganyia. Tyubu ya mikrolita 25 ikishapita mizunguko 35 ya joto kwenye mashine huwa na mabilioni ya nakala za kipande kilekile. Ukifungua kifuniko kuipeleka kwenye jeli, vitone visivyoonekana hutua kwenye pipeti ya kupimia vimiminika, kwenye mkono wa koti, kwenye kishikio cha friji, na kesho vinaingia kwenye mchanganyiko mpya.

Dawa yake ni nidhamu ya mwendo. Mchanganyiko hutengenezwa chumba cha kwanza, DNA huongezwa cha pili, jeli humiminwa cha tatu, na aliyefika cha tatu harudi cha kwanza siku hiyo. Kila chumba na pipeti zake na koti lake. Na ukiwa na chumba kimoja tu, kama ilivyo sehemu nyingi, unagawa kona na saa: kuchanganya kabla ya saa nne asubuhi, jeli baada ya chakula cha mchana. Meza hufutwa kwa Jik, sehemu 1 kwa sehemu 6 za maji, iliyochanganywa asubuhi hiyohiyo maana ya juzi imeshapoteza nguvu. Iache dakika 10, kisha futa kwa maji safi, la sivyo itakula chuma. Na kamwe Jik isikutane na mabaki ya kiti (seti ya vitendanishi) ya kutolea DNA yenye guanidini thayosayaneti, kwa sababu hutoa gesi ya sumu. Hili la mwisho liandikwe kwa maandishi makubwa juu ya sinki.

Fundi huyohuyo ndiye anayekagua pipeti. Anaweka chombo kwenye mizani, anatia mikrolita 100 za maji mara 10, na kila mara mizani iongezeke gramu 0.1 hivi. Ikionyesha 0.094, pipeti hiyo inakuibia asilimia 6 na inaenda kufunguliwa. Mara nyingi ni pete ya mpira ndani imechakaa, kitu cha bei ndogo mno. Sampuli zikiwa 22 na kontroli 2, yeye hupiga hesabu ya mchanganyiko wa 27, kwa kuwa matone hubaki njiani. Mwanafunzi mgeni hupiga ya 24 kamili, na tyubu ya mwisho inakosa.

Nyuma ya fundi kuna meneja wa maabara, kama mradi una bahati ya kuwa naye. Kazi yake ni vita na muda. Vimeng'enya vinakuja uwanja wa ndege wa JKIA ndani ya barafu kavu, na barafu kavu hupungua kila saa. Mzigo ukitumwa Alhamisi kutoka Ulaya, hutua Jumamosi, hulala ghalani hadi Jumatatu, na unapokea boksi lenye joto la kawaida na bili kamili. Meneja mjuzi huandika kwenye oda kwamba mzigo utumwe Jumatatu pekee, humpa wakala wa forodha karatasi zote kabla ndege haijaruka, na huomba barafu ya ziada. Pia anajua kwamba ofisi ya ununuzi itadai kotesheni tatu hata pale anayeuza kitu hicho ni mmoja. Hilo sina suluhisho lake zaidi ya kuanza mapema.

Wengine nawapita haraka. Yupo mwosha vyombo, ambaye sabuni aliyoiacha kwenye chupa huua seli anazokuza mtu mwingine. Yupo mtu wa bioinformatiki, mchambuzi wa data za DNA, anayekaa na kompyuta kona ya mbali na kupata kazi nzuri kuliko wote. Mtafiti mkuu yeye huandika maombi ya fedha, na hiyo nayo ni kazi, sibezi.

Sasa, kijana wa mwaka wa tatu anayetafuta nafasi ya atachimenti, sikiliza mapema jambo ambalo wengi hulijua baada ya kuvaa joho. Shahada ya biokemia au baiolojia ya molekuli haikufungulii maabara ya hospitali. Kule, sheria ya mwaka 1999 iliunda bodi, KMLTTB, inayosajili waliosomea kozi za maabara ya kitabibu zilizoidhinishwa. Unaweza kujua PCR kuliko wote pale na usiruhusiwe kutia sahihi majibu ya mgonjwa. Kama moyo wako uko hospitalini, chagua kozi hiyo tangu mwanzo. Kama uko kwenye utafiti, njia zako ni chuo, KEMRI ya utafiti wa tiba, ILRI ya mifugo kule Kabete, icipe ya wadudu kule Kasarani, KALRO ya kilimo na mifugo, ukaguzi wa mimea KEPHIS, au kampuni zinazouza vitendanishi, ambazo huajiri wanaojua kueleza kwa nini kiti haikufanya kazi. Usiidharau hiyo ya mwisho. Mara nyingi hulipa kabla ya nyingine zote.

Kwa anayebaki chuoni, kuna milango miwili na yote ina kasoro. Ajira ya kudumu ya fundi ina pensheni, lakini ngazi yake hufika mwisho upesi, na aongezapo uzamili, chuo humwona ni mhadhiri aliyekosea ofisi. Kandarasi ya mradi hulipa vizuri zaidi, lakini hufa na mradi: mwaka 1, miaka 3, kisha barua. Ndiyo maana fundi aliyefunzwa kwa miaka 4 huondoka mwezi ule maabara inapoanza kumtegemea. Mtafiti mkuu anayeandika bajeti aweza kupunguza hasara hii bila kungoja seneti ya chuo. Aweke mshahara wa fundi kwenye maombi ya fedha kwa miezi 6 baada ya kazi ya maabara kuisha. Atenge pesa za kozi moja kila mwaka. Na jina la fundi aliyebuni njia ya kupima liandikwe miongoni mwa waandishi wa makala, si kwenye mstari wa shukrani kule mwisho pamoja na dereva na mama wa chai, ambao pia wanastahili heshima yao.

Kisha kuna kustaafu. Mtumishi wa umma kwa kawaida huondoka akiwa na miaka 60, na tarehe hiyo inajulikana tangu siku alipoajiriwa. Bado mrithi huletwa miezi kadhaa baada ya karamu ya kuagana. Kufikia hapo friza ya nyuzi hasi 80 imeota barafu mlangoni, kichujio chake kimejaa vumbi, kompresa inalia, na stima ikipotea usiku hakuna anayejua namba ya mlinzi wa jenereta. Tangi la naitrojeni ya kimiminika inayogandisha sampuli halijapimwa kwa ule ufito wa mbao uliokuwa ukitumbukizwa kila Jumatatu. Ramani ya sampuli zilizomo, kanista kwa kanista, iko kwenye daftari la kurasa 96 ndani ya droo, na ufunguo wa droo ulienda nyumbani na mwenyewe.