Huruma Huwaleta Watu Kwenye Ushauri Nasaha, Lakini Haiwabakishi

Kila nikikaa na wanafunzi wapya wa ushauri nasaha huwauliza kwa nini wameichagua kazi hii, na karibu wote hunijibu vivyo hivyo: "Napenda kusaidia watu." Nawaamini. Ila jibu hilo halitoshi. Muuguzi anasaidia watu, fundi wa maji anasaidia watu, na kijana wa bodaboda anayemkimbiza mama mjamzito hospitalini saa nane za usiku amesaidia kuliko wengi wetu. Kwa nini basi mtu aziache kazi hizo zote, achague kukaa saa nzima mbele ya mtu anayelia, bila dawa ya kumpa wala bomba la kuziba?

Ukiwapa muda, sababu zenyewe hutoka. Mmoja alimzika kaka yake aliyejitoa uhai, na nyumbani hakuna aliyewahi kulizungumza jambo hilo. Mwingine alikuwa mwalimu, akachoka kuona watoto wakiadhibiwa kwa makosa ambayo chanzo chake ni njaa, au baba anayerudi usiku amelewa. Wapo waliokosa nafasi ya uuguzi wakaingia huku kwa sababu karo ya diploma ilikuwa nafuu, na sioni aibu yoyote katika hilo. Baadhi yao wamekuwa washauri wazuri kuliko waliokuja na simulizi nzito.

Lakini kundi kubwa, kwa ninavyoona mimi, ni la wale waliokuwa masikio ya nyumba. Kila ukoo una mtoto wa namna hiyo, na mara nyingi ni binti wa kwanza. Mama akigombana na baba, yeye ndiye anayeitwa jikoni kuhadithiwa, ana miaka tisa, yuko juu ya mbuzi anakuna nazi na kuitikia "ndiyo mama, ndiyo mama." Shangazi akija na yake, anamtafuta yeye. Anajifunza kusoma nyuso kabla hajasoma vitabu sawasawa. Mlango wa mbele ukifungwa tu, ameshajua kama jioni hiyo itakuwa shwari. Alice Miller, mwanasaikolojia aliyefanya kazi Uswisi, aliandika mwaka 1979 kwamba wenzake wengi wa taaluma walikuwa watoto wa aina hiyo, waliozoea mapema kuhisi haja za wazazi wao na kuzikidhi kabla ya zao wenyewe. Mimi ni mmoja wao. Kusikiliza nilikujua tangu utotoni. Chuo kilinifundisha kusikiliza bila kuondoka na mzigo wa mtu kichwani mwangu.

Kipaji hicho ni cha kweli, na kina hatari yake. Aliyezoea kupendwa kwa sababu anasikiliza anaweza kufika mahali akataka wateja wamhitaji. Anaongeza vikao visivyo na sababu. Anapokea simu usiku wa manane hata pale ambapo si dharura. Mteja akimwambia, "Sasa naona naweza mwenyewe," moyo unamdunda kana kwamba ameachwa. Maneno hayo yanapaswa kuwa furaha kubwa kuliko zote katika kazi yetu. Mshauri anayeyasikia kama msiba bado anatafuta kwa wateja kile alichokikosa nyumbani utotoni, na wateja hawakuja kwa ajili hiyo.

Hapa Kenya, wakubwa wetu wengi katika fani hii waliingia kwa mlango mwingine kabla ya kujiuliza maswali haya. Pwani tulikuwa na somo, kungwi, bibi na shehe, na bara vivyo hivyo kila jamii ilikuwa na watu wake wa kuendewa usiku. Ushauri nasaha wa kusomewa ulikuwepo, kituo cha Amani kilianzishwa Nairobi mwaka 1979, lakini wengi hawakuujua. Kisha ikaja 7 Agosti 1998, bomu la ubalozi wa Marekani. Watu zaidi ya 200 walikufa Nairobi na maelfu wakajeruhiwa, wengi wao kwa vioo, na wapo waliopoteza macho yote mawili asubuhi moja. Ghafla walihitajika watu wa kukaa na wafiwa, na watu wa kumshika mkono mtu wa miaka thelathini anayejifunza upya kupanga siku yake gizani. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 vikaja vituo vya VCT, vya ushauri nasaha na upimaji wa ukimwi kwa hiari, na kijana wa miaka 24 akajikuta ndiye wa kumwambia baba wa watoto watano majibu ya kipimo cha ukimwi, wakati ambapo dawa zilikuwa hazijawafikia wengi. Hawa hawakuchagua kazi kwa utulivu. Waliitwa na hali, na sheria ya kuisimamia kazi yenyewe, ile ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia, ilipitishwa mwaka 2014, baada ya wengi wao kuifanya kwa miaka na miaka.

Hoja yangu ni kwamba kinachomleta mtu sicho kinachombakisha. Tunaisifu huruma kana kwamba ni mafuta yasiyokwisha. Huruma huisha. Huisha kwa msichana wa nne wa wiki hiyo mwenye kisa kilekile na mjomba wa namna ileile. Ukimkuta mtu ameifanya kazi hii miaka ishirini na bado macho yake yana uhai, ujue ana kitu kingine.

Kitu cha kwanza ni kuwa ameona watu wakipona. Mabadiliko yenyewe ni madogo kuliko watu wanavyodhani. Niliwahi kukaa na mzee mmoja, dereva wa malori ya masafa marefu (nimebadilisha mambo kadhaa asijulikane). Aliletwa na kliniki kwa sababu presha haikushuka kwa dawa. Wiki kadhaa tulizungumza bei ya dizeli na ubovu wa barabara, kofia yake iko gotini, anaizungusha, anaizungusha. Sikumharakisha. Siku moja akaingia, hata hajakaa, akasema:

"Jana nililala, daktari. Nimelala mpaka adhana ya alfajiri."

Wengi hutuita daktari, nami nimeacha kuwarekebisha. "Alhamdulillahi, mzee," nikamwambia. Ndipo akaweka kofia mezani na kunihadithia ajali aliyoiona, mtoto aliyemtoa kwenye gari jingine, na jinsi ambavyo tangu siku hiyo hakuwahi kulala zaidi ya saa mbili mfululizo. Mtu wa nje akisikia "nimelala" anaona ni neno la kawaida. Mimi lilinishikilia mwaka mzima.

Mwaka 2007 watafiti watatu, Pilar Hernández, David Gangsei na David Engstrom, walichapisha mahojiano yao na washauri 12 wa Bogotá, Kolombia, waliokuwa wakiwahudumia watu walioteswa na vurugu za kisiasa na utekaji. Tayari ilijulikana kwamba kusikiliza mateso ya wengine humchosha na kumjeruhi msikilizaji. Wao waliona na upande wa pili: washauri wale walikuwa wakipata nguvu kutoka kwa wateja wao. Mtu aliyekaa mikononi mwa watekaji akarudi, akaweza kupika, kucheka na kudai haki yake, anabadilisha jinsi mshauri anavyoyatazama matatizo yake mwenyewe. Nilipousoma utafiti huo nilijiona humo. Yapo mambo katika ndoa yangu na katika ugonjwa wa mama yangu ambayo niliyavuka kwa ujasiri niliouchukua kwa wateja, nao hawajui.

Mfano ninaoupenda zaidi uko Harare, Zimbabwe. Dixon Chibanda, daktari wa magonjwa ya akili, alimpoteza mgonjwa wake kijana aliyejitoa uhai. Familia ilikuwa imekosa dola 15 za nauli ya basi kumfikisha hospitalini. Uchungu huo ndio uliomwondoa kwenye kiti cha ofisi. Mwaka 2006, katika mtaa wa Mbare, alianza na akina bibi 14, wahudumu wa afya wa jamii, akawafunza tiba ya mazungumzo, kila mmoja na benchi lake la mbao nje ya zahanati. Matokeo ya jaribio lao yalichapishwa Desemba 2016 katika jarida la kitabibu la JAMA: zahanati 24, wagonjwa 573. Baada ya miezi sita, waliokaa na bibi benchini na bado wakawa na dalili za sonona walikuwa takriban asilimia 14. Kwa waliopewa huduma ya kawaida ilikuwa karibu asilimia 50. Wazo hilo limeshafika Malawi na hata Zanzibar.

Watu wanapousimulia mpango huo husimama kwenye wema wa akina bibi. Wema upo, lakini tazama namna kazi yao ilivyopangwa. Bibi hamalizi matatizo yote ya mtu. Anamsaidia kuyataja, wanachagua moja, wanatafuta hatua ya kulipunguza, na wiki ijayo mtu anarudi kusema imekuwaje. Mteja anaishi mtaa uleule, kwa hiyo bibi anamwona sokoni akinunua mboga, amesuka nywele, anasalimia watu. Yeye mwenyewe ana wenzake wa kushauriana nao na msimamizi wa kumwendea kisa kinapomzidi. Uchungu ulimwanzisha Chibanda. Mpangilio huo ndio uliowaweka akina bibi kazini.

Sasa tazama tunavyowafanyia wetu. Shuleni mwalimu anapewa idara ya ushauri nasaha huku ratiba yake ya vipindi haijapunguzwa hata kimoja, na chumba cha kuzungumzia ni stoo ya vitabu, mlango haufungi. Kwenye miradi, mshauri anapokea wateja mfululizo kuanzia saa mbili asubuhi, kila kisa anakijaza kwenye fomu, na hakuna anayemuuliza yeye amelalaje. Marekani iliposimamisha misaada yake Januari 2025, washauri wengi wa kliniki za ukimwi walirudishwa nyumbani. Mwenzangu mmoja alikuwa kati yao. Aliendelea kupokea simu za wateja wake kwa muda wa maongezi anaoununua mwenyewe, kwa sababu wapo waliokuwa wakiogopa kwamba dawa zitakwisha na hawakuwa na mwingine wa kumwambia. Watu wakamsifu kwa moyo wake. Nami namsifu, lakini sifa hazikulipa kodi yake, na mwezi wa sita alianza kuuza mitumba. Fani imempoteza.

Christina Maslach, mwanasaikolojia wa Marekani, alieleza mwaka 1981 jinsi ya kumpima mtu wa huduma aliyeishiwa: amechoka kupita kiasi, anaanza kuwaona watu kama vitu, na anahisi hana anachofanikisha kazini. Dalili ya katikati ndiyo ninayoichunga sana kwa ninaowasimamia. Nikisikia mtu anasema "yule wa kubakwa" au "yule wa mirathi" na jina la mteja limempotea, simkemei. Namuuliza mara ya mwisho alizungumza na nani kuhusu kazi yake. Mara nyingi jibu ni kwamba hakuna. Wahenga walisema mganga hajigangi, na sisi tunawaacha washauri wajigange kila siku.

Ndiyo maana nasema usimamizi wa kitaaluma, yaani mshauri kuwa na mwenzake mzoefu wa kumwendea na visa vinavyomlemea, uandikwe kwenye mkataba wa kila mshauri, saa zake zilipwe kama saa nyingine za kazi, na mwalimu mshauri apunguziwe vipindi. Serikali za kaunti zinazotangaza nafasi hizi zinaweza kuanza mwaka huu wa fedha. Naamini gharama yake ni ndogo kuliko ya kufundisha mtu mpya kila baada ya miaka miwili.

Tunaposubiri hayo, sisi tuna kikundi chetu. Tunakutana Jumamosi ya kwanza ya mwezi, nyumbani kwa mmoja wetu, kwa kahawa na kashata. Kila mtu analeta kisa kimoja bila jina wala mtaa, anasema kilichomshinda, na wengine hawaruhusiwi kumpa ushauri kabla hawajamsikiliza hadi mwisho. Simu zinakaa kikapuni. Watu wanne wanatosha kuanzisha, ila mmoja wenu awe na uzoefu wa usimamizi, na msiwachanganye bosi na wafanyakazi wake katika kikundi kimoja.