Dhahabu ya Halswelle haikuokotwa

Kila zinapotajwa mbio za mita 400 za Olimpiki ya London 1908, Wyndham Halswelle, mkimbiaji wa Uingereza, hukumbukwa kwa jambo moja: alikimbia fainali peke yake. Sekunde 50, hakuna wa pili, hakuna wa tatu. Wengi huishia hapo na kusema medali ile aliiokota.

Wamarekani walikuwa na hoja. Fainali ya kwanza, tarehe 23 Julai, ilikuwa na watu wanne, watatu wakiwa wao, na uwanja haukugawanywa njia. John Carpenter alitangulia, na Halswelle alipotaka kumpita kwa nje, Carpenter naye akasogea nje. Kwa sheria za kwao hilo halikuwa kosa. Kwa sheria za Waingereza, zilizotumika siku ile, lilikuwa kosa. Waamuzi nao walikuwa Waingereza watupu, na ndio waliopiga kelele na kuukata utepe wa kumalizia kabla Carpenter hajaufikia. Mbio zikaamriwa zirudiwe tarehe 25, Carpenter akiwa ameondolewa. William Robbins na John Taylor wakagoma. Mgeni anayehukumiwa na mwenyeji wake ana haki ya kunung'unika.

Lakini hebu tumsikilize Halswelle mwenyewe. Alieleza kwamba kiwiko cha Carpenter kilimgusa kifuani, na kwamba alisukumwa pembeni hadi theluthi mbili za upana wa uwanja. Kisha akaongeza jambo ambalo mtu mwenye hila asingelisema: hakupigwa, hakuwa na alama yoyote kifuani, wala hakudai kuwa alipigwa. Magazeti yalikuwa yanawaka moto, umati uko upande wake, naye anampunguzia mashtaka mpinzani wake! Kwangu mimi ushahidi wa namna hiyo una uzito kuliko kelele za waamuzi wote.

Na kasi hakuikopa kwa mtu. Katika nusu fainali alikuwa ameweka rekodi ya Olimpiki, sekunde 48.4. Mwaka huohuo alikimbia yadi 440, ambazo ni zaidi ya mita 400, kwa sekunde hizohizo 48.4, na rekodi hiyo ya Uingereza ikadumu miaka 26. Ishirini na sita. Vijana waliozaliwa mwaka ule walikua, wakakimbia, wakastaafu, rekodi bado ina jina lake. Miaka miwili nyuma, katika mashindano ya Uskoti, alishinda yadi 100, 220, 440 na 880 kwa siku moja.

Alikuwa pia askari. Riadha aliishika kwa dhati akiwa jeshini Afrika Kusini. Mwaka 1915, katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, alikuwa Ufaransa, Kapteni wa Highland Light Infantry, kikosi cha jeshi la Uingereza, na kutoka huko aliandika habari za shambulio moja. Ukuta wa handaki ulikuwa udongo wa utelezi, na askari wafupi walishindwa kuupanda na mizigo yao. Yeye mwenyewe aliurukia akaanguka chini. Askari wake wakamsukuma juu, akatumbukia kwenye mtaro wa tope, akakawia kujinasua. Bingwa wa Olimpiki ndiye anayesimulia hivyo, bila kujipamba, sawasawa na alivyosimulia habari za kiwiko.

Tarehe 31 Machi 1915, karibu na Neuve Chapelle, risasi ya mdunguaji ilimuua akijaribu kumwokoa ofisa mwenzake aliyejeruhiwa. Alikuwa na miaka 32.